Mama, usimwandikie kuwa chumba kipo tayari

Barua tatu mwezi huu, na zote zina jambo moja: kijana yuko ng'ambo na karatasi ya kumrejesha imetoka, au ameshaletwa, na wenyewe hawajui washike wapi. Wageni wa safu hii niwaambie mapema kuwa mie si mwanasheria. Nilikuwa mkalimani. Miaka 19 nimeketi kiti cha pembeni baina ya hakimu na Mswahili mwenzangu, sehemu kubwa pale Taylor House, Rosebery Avenue, London, kisha nikarudi zangu Chake Chake na magoti yanayouma. Kule Uingereza, tangu sheria ya 1999, kumpa mtu ushauri wa uhamiaji bila ya kusajiliwa ni kosa la jinai. Naiona sheria hiyo ina maana, kwani nimewaona watu waliouza gari ili wamlipe "jamaa mmoja anayejua". Basi haya yasomeni kama maneno ya mtu aliyekuwamo chumbani, kisha nendeni kwa wenye kazi yao.

Assalaam alaykum Bi Mkalimani. Mie ni mama wa watoto watano, nipo Wete. Kijana wangu wa pili aliondoka Pemba 2002 akiwa na miaka 8, alichukuliwa na baba yake mdogo. Kule amekaa kihalali tangu 2004. Mwaka jana alifungwa miezi 20 kwa bangi iliyokutwa kwenye gari alilokuwa akiliendesha. Sasa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza imemwandikia kuwa itamrejesha Tanzania. Mkewe ni mzaliwa wa kule, wana binti wa miaka 6. Anasema ana siku 14 za kukata rufaa na tano zishapita. Mwanasheria wake anataka barua ya mama. Nimeshaiandika. Nimemwambia hakimu asiwe na wasiwasi, mwanangu akirudi chumba chake kipo tayari, kaka zake watamshika mkono, na mikarafuu ya marehemu baba yao ipo. Je, inatosha? Na hapa mtaani wanasema siku hizi mtu anatiwa ndegeni kwanza, rufaa baadaye. Ni kweli? *Mama wa Mtemani, Wete.*

Wa alaykumu ssalaam, Mama. Barua hiyo usiipeleke. Usiichane pia, ikunje uitie mkobani, nikwambie kwa nini.

Hakimu wa kule hakai kuamua kama mwanao ni mtu mwema. Hilo lilishakwisha kwenye kesi ya bangi. Mgeni aliyefungwa miezi 12 au zaidi, sheria yao ya 2007 inamlazimisha Waziri atoe amri ya kumfukuza, ila akiingia kwenye mojawapo ya milango iliyoachwa wazi. Kwa kifungo ambacho hakikufika miaka 4, milango mikubwa ni miwili. Mmoja ni mke na mtoto, nitaufikia. Wa pili una vizingiti vitatu. Awe ameishi kule kihalali sehemu kubwa ya umri wake, awe amechanganyika na jamii ya kule, na akirudishwa kwao akute vikwazo vikubwa mno vya kuanza maisha. Cha kwanza kwa hesabu yako anakivuka, na cha pili ana ya kusema, ingawa kile kifungo watamtupia hapo pia. Cha tatu ndicho ambacho barua yako inampandishia kiwe kirefu kuliko yeye. Chumba kipo, kaka wapo, mikarafuu ipo. Afisa wa Wizara atafute nini tena?

Nilikuwamo siku moja, nami nabadilisha yale nisiyoruhusiwa kuyataja, pale kijana wa upande wa Micheweni alipoulizwa habari ya barua kama yako. Chumba kidogo, meza kama za skuli, hakimu hana wigi wala joho, nembo ya ufalme ukutani. Afisa aliisoma barua ya mama mara mbili, mara ya pili polepole. Kisha akauliza kama ni kweli kwao nyumba ipo. Yule kijana, ambaye asubuhi nzima alikuwa amejikunja kama aliyenyeshewa, akakaa sawa kitini. Akasema, "Alhamdulillahi, nyumba ipo." Angesema nini? Mwana gani wa Kipemba atatamka mbele ya watu asiowajua kuwa mama yake hana pa kumlaza? Nikayageuza maneno yake kwa Kiingereza, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikaiona kalamu ya afisa inakwenda.

Pemba ndogo. Nilipokuja likizo nilipita nje ya nyumba ile. Udongo, bati upande mmoja na makuti upande wa pili, na watu kumi na moja ndani. Nyumba ipo, kweli.

Na mikarafuu ndiyo vile vile. Sisi tukisikia "mikarafuu ya marehemu" tunajua tunazungumzia nini: miti michache ya warithi wengi, inayojaa mwaka mmoja na kugoma miwili, na msimu ukija wachumaji wachukue chao kwanza, jua na mvua vichukue chao, ndipo gunia lifike kituoni kuuzwa. Ukiligeuza Kiingereza linakuwa shamba la biashara la familia. Mwenye shamba la biashara la familia hana shida ya kazi.

Sikwambii udanganye. Nakwambia uandike yaliyomo ndani ya maneno yako badala ya heshima iliyoyafunika. Nyumba hiyo analala nani na nani, majina na umri? Chumba kilicho tayari yumo nani sasa hivi? Maana chumba kitupu Wete sijakiona mie. Kaka zake wanafanya kazi gani, na tangu Ramadhani wamepata siku ngapi za kazi? Kama yeye ndiye aliyekuwa akikuletea pesa ya dawa, sema ni kiasi gani, na ukiwa na vikaratasi vya kupokelea pesa vitoe. Alipokuja mara ya mwisho alikaa siku ngapi? Sokoni alikwenda peke yake au mdogo wake ndiye aliyekuwa akimnunulia? Anakuandikia, au anakutumia sauti kwa simu kwa sababu Kiswahili cha kuandika hakijui? Mahakama yao ya rufaa ilieleza 2016 kuwa kinachopimwa ni kama mtu ataweza kuwa mwenyeji wa kutosha kuelewa maisha ya pale yanavyokwenda, na kupokelewa ndani yake. Kijana anayejua kumwamkia mama yake kwa simu siku ya Ijumaa bado anaweza kuwa mgeni mtupu Bandari ya Wete.

Ukishaandika, nenda kwa sheha akupe barua yake juu ya wakaazi wa nyumba, yenye muhuri. Zote zifasiriwe, na mfasiri aweke jina lake, tarehe, na tamko kuwa amefasiri yote bila ya kupunguza. Nimeona barua za sheha zikiwekwa kando kwa sababu aliyezifasiri hakujulikana ni nani.

Jengine, na hili ni kosa langu mwenyewe. Umeandika kuwa alichukuliwa na "baba yake mdogo", kisha mbele umetaja "marehemu baba yao". Mwaka wangu wa pili kazini, shahidi alisema "baba ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege", nami nikafasiri kuwa mzazi wake. Nusu saa baadaye akasema baba alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Afisa akaruka kama paka. Baba gani huyu anayekufa kisha anasindikiza watu? Mie nilishajua ni ami yake, lakini mkalimani haruhusiwi kueleza, kazi yake ni kugeuza kilichosemwa na kunyamaza. Nilinyanyua mkono nikamwambia hakimu kuwa kosa ni langu, kwamba neno hili kwetu lina watu watatu wanne ndani yake. Alinisikiliza, akaandika. Lakini yule shahidi tangu hapo hakuangalia upande wangu tena. Siku zote zilizofuata, nikisikia "baba" naomba ruhusa niulize baba yupi.

Sasa faili la mwanao la 2002 bado lipo Wizarani, amini hivyo. Baba mdogo alipokuwa akiomba hifadhi alimwandika vipi, mwanangu au mtoto wa kaka yangu? Mwanasheria aliombe faili zima kabla ya siku ya kesi. Na kama wakati ule walijilipua, yaani walijiandikisha kuwa ni Wasomali ili wapewe hifadhi, wengi walifanya hivyo baada ya yale mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 Zanzibar na mie si wa kuwahukumu, basi mwanasheria ayasikie kwenu kwanza. Akiyasikia kwa afisa, mbele ya hakimu, hapana wa kuyazoa tena.

Nakuachia na neno "hawezi" pia, ambalo kwetu ni kusema mtu anaumwa. Ukiandika "mimi siwezi, nina sukari", mkalimani aliyekulia Mwanza au Nairobi atasema mama ameshindwa. Ameshindwa nini, hakuna atakayejua. Andika kuwa unaumwa, taja ugonjwa na hospitali.

Tuje kwa mke na mtoto. Binti akiwa ni raia wa kule, hilo linamweka ndani ya sheria. Lakini sheria haiulizi kama ataumia, maana inakubali kuwa kila mtoto anaumia baba akiondolewa. Inauliza kama ukali wake umepita kiasi, na inauliza kwa pande mbili: akibaki kule bila ya baba, na akihamia huku pamoja na baba. Lazima pande zote mbili ziwe na ukali huo. Mwaka 2022 Mahakama yao ya Juu Kabisa ilikataa mtindo wa kumlinganisha mtoto na mtoto mwengine wa kufikirika, ikataka atazamwe yule yule aliye mbele yao. Kwa hiyo maneno ya "anampenda sana baba yake" hayana uzito wowote, samahani. Uzito upo kwenye barua ya mwalimu inayosema nani alikuwa akimleta na kumchukua, na nini kimebadilika tangu baba afungwe. Ameanza kukojoa kitandani? Ameacha kula chakula cha skuli? Daktari ameandika? Yupo mtaalamu wa ustawi wa jamii wa kujitegemea anayeweza kumtembelea mtoto nyumbani na kuandika ripoti? Ni ghali, lakini nimeona ripoti moja nzuri ikifanya kazi ya mashahidi sita. Mke naye aeleze mambo ya kila siku kwa saa zake, nani anaamka saa ngapi, yeye zamu yake inaanza saa ngapi, nani anabaki na mtoto katikati.

Na wakati huo huo yapatikane maneno ya hakimu aliyemfunga, yaliyoandikwa, pamoja na ripoti ya afisa wa uangalizi juu ya hatari ya kurudia kosa. Wizara itayaleta yale yanayoisaidia. Nyinyi leteni yote.

Suali la ndege. Ni kweli, na Tanzania imo. Ilianza zamani, na Juni 2017 Mahakama yao ya Juu Kabisa, katika kesi ya kijana wa Kikenya aitwaye Kiarie na mwenzake wa Jamaika, ikaamua kuwa kumtoa mtu kwanza halafu umwambie akate rufaa kutoka kwao, bila ya njia ya maana ya kutoa ushahidi, si haki. Baadaye serikali ikaurejesha mpango huo kwa kutumia video. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nane za awali, na Agosti 2025 wakaongeza nchi zikafika 23, Kenya na Uganda zikiwamo. Haina maana kuwa kila Mtanzania atatiwa ndegeni. Ina maana kuwa barua yake isomwe na macho mawili. Ikiwa imeandikwa kuwa rufaa itakatwa baada ya kuondoka nchini, hapo kitu cha kupigania kwanza ni cheti cha kumtoa, yaani ule uamuzi wa Wizara kuwa aondolewe kabla ya rufaa, nacho kinakwenda mahakama nyengine kwa njia nyengine, na mwanasheria afanye leo. Ikiwa haikuandikwa hivyo, na rufaa imeingia ndani ya muda, hawawezi kumwondoa mpaka rufaa ile imalizike.

Na aangalie ni barua ipi aliyopewa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2014 mtu hakati rufaa dhidi ya kufukuzwa kwenyewe. Anakata dhidi ya kukataliwa dai lake la haki za binadamu. Barua ya kwanza inamtaka aseme sababu za kutofukuzwa. Asipojibu, hana dai. Akiwa hana dai, hana cha kukatiwa rufaa. Wapo waliokaa na barua hiyo chini ya godoro la gereza wakingoja "siku ya koti", yaani ya mahakama, na siku haikuja. Ya pili ndiyo ya kukataliwa, na hiyo ndiyo yenye siku 14, zinazohesabiwa tangu ilipotumwa. Kama ni hii, fomu iende wiki hii hii, hata kama haijaambatishwa kitu. Ushahidi unafuata nyuma.

Akiwa hana pesa, aulize. Msaada wa serikali wa kisheria kwa kesi za maisha ya familia uliondolewa 2013, lakini upo mfuko wa kesi za pekee ambao mwanasheria anaweza kuuomba. Na lipo shirika la hisani, Bail for Immigration Detainees, wengi wanaliita BID, linalosaidia bure walio kizuizini na wenye kesi za kufukuzwa. Kitu kimoja tu asikifanye: asisaini karatasi ya kukubali kurudi kwa hiari akapewa nauli na pesa kidogo, kama bado anataka kupigana. Saini ile inaizika rufaa.

Bi Mkalimani, shikamoo. Mimi nishafika. Walinirejesha mwezi uliopita, nipo Jang'ombe kwa shangazi yangu. Nimeambiwa rufaa yangu nitaisikiliza nikiwa huku huku kwa video. Watoto wangu wawili wapo Leicester na mama yao. Je, naweza kutoa ushahidi kwa simu yangu chumbani? Na nikisubiri nifanye nini? *Aliyerudi, Unguja.*

Marahaba mwanangu, na pole na safari. Kabla ya kuendelea kusoma, chukua karatasi ya safari uhesabu. Kwa aliyetolewa kwanza, muda wa kukata rufaa ni siku 28 tangu ulipoondoka Uingereza. Umeniandikia "mwezi uliopita", na mie hesabu hiyo haikunipendeza hata kidogo. Kama fomu haijaingia, mpigie mwanasheria usiku huu. Kama muda umepita, kuna kuomba uongezewe, kwa sababu yenye ushahidi. Kuchoka na kuona haya haviwi sababu, ingawa najua ndivyo vilivyokuweka ndani.

Ushahidi wa kitandani uondoe kichwani. Mtu anapotoa ushahidi katika kesi ya nchi moja akiwa ameketi nchi nyengine, nchi ile aliyomo inatakiwa iwe imeridhia, na mahali na mtambo vipangwe. Kwa hiyo mwanasheria aulize mapema, kwa maandishi, utaketi wapi, nani atakuwa nawe chumbani, na nani analipa. Kwenye kesi ile ya Kiarie majaji walitaja hasa mambo haya: gharama za video, ugumu wa kuzungumza na wakili kutoka mbali, kukosa kuonana na wataalamu wa kukuandikia ripoti. Kila kikwazo unachokutana nacho, andika tarehe yake na umpelekee wakili. Siku moja kinaweza kuwa hoja.

Halafu saa. Usicheke, nimeona kesi ikisimama kwa jambo hili. Wakikwambia kesi ni saa kumi za asubuhi za London, kichwa chako cha Kiswahili kisikupeleke kwenye saa kumi ya jioni. Kumi yao ya asubuhi ni saa saba mchana ya Zanzibar wakati wao wa baridi, na ni saa sita wakati wao wa joto, wanapousogeza mshale. Iandike ukutani kwa shangazi yako, kwa Kiswahili.

Siku yenyewe mkalimani atakuwa London, si kwako, na sauti inachelewa njiani. Sema sentensi moja, nyamaza, ngoja. Usijibu kwa kichwa. Hakimu kwenye skrini anaona kipara tu kinashuka na kupanda. Na kama unajua Kiingereza kizuri, kama wengi mliokulia kule, sema Kiingereza. Nimewaona vijana wanaoomba mkalimani ili wapate nafasi ya kufikiri, kisha afisa akasema: tazama, Kiswahili chake safi kabisa, nchini kwao hatapata tabu.

Wakati wa kusubiri, kazi yako ni watoto. Wapigie kila siku kwa wakati mmoja, na uhifadhi rekodi za simu. Umesoma nao kwa video? Umezungumza na mwalimu wao? Hakimu atauliza umekuwa baba wa aina gani tangu ulipotua, na jibu la "nawakumbuka" halina karatasi. Mama yao ndiye shahidi wako mkubwa, naye yupo kule na anaweza kuketi chumbani mbele ya hakimu, kitu ambacho wewe huwezi. Kwa hiyo kama mmegombana, patana naye, au angalau mpatane juu ya hili.

Uamuzi mara nyingi hautoki siku ile. Unakuja kwa maandishi. Ukishindwa, ngazi ya juu yake, mahakama inayokaa Field House, haisikilizi upya hadithi yako. Inatazama kama hakimu amekosea sheria, na unahitaji ruhusa kufika huko. Yale uliyosahau kuyasema Jang'ombe hutayasema pale. Na mpaka siku hiyo, ile amri ya kufukuzwa inasimama, huwezi kurudi hata kwa viza ya matembezi mpaka ifutwe. Wanaokuuzia njia ya kupitia nchi ya tatu pale Darajani waache na biashara yao.

Bibi, mkwe wangu yupo Marekani, jimbo la Ohio. Hakimu wa uhamiaji ameamuru aondoke. Anataka kukata rufaa. Mambo ni yale yale ya Uingereza? *Baba Mkwe, Mkoani.*

Hapana, Sheikh, ile bahari nyengine kabisa. Mahakama ya uhamiaji ya Marekani iko chini ya Wizara ya Sheria, haiko kwenye mhimili wa mahakama, na serikali haimlipii mtu wakili. Rufaa inakwenda kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, iliyoko Falls Church, Virginia. Ada yake Julai 2025 ilipandishwa sana kutoka dola 110, kwa hivyo mchango uanze mapema, na asiye na uwezo aombe asamehewe kwa fomu yake.

Suali langu moja tu. Hakimu alipomaliza kusoma uamuzi, alimuuliza kama anaukubali au anabakisha haki ya rufaa. Mkweo alijibu nini? Maana sisi mkubwa akimaliza kusema tunajibu "sawa", kumwonesha kuwa tumesikia. Kule "sawa" hiyo inaweza kuandikwa kuwa ameisamehe rufaa, na amri ikawa ya mwisho papo hapo. Kama alijibu hivyo, wakili asikilize rekodi ya kesi haraka, ipo. Kama alibakisha haki yake, basi amri inasimamishwa muda wa rufaa uliowekwa, na inabaki imesimamishwa rufaa ikiwa mezani.

Na kule hawahesabu siku uliyotia bahasha posta. Wanahesabu siku iliyowafikia mkononi. Tarehe ya mwisho imo kwenye karatasi ya uamuzi aliyopewa, aisome leo, kisha atume kwa njia inayotoa risiti yenye siku na saa ya kupokelewa, na picha ya risiti hiyo akuletee wewe Mkoani uihifadhi.